Jiwe Lipo, Jina Halisomeki: Utatuzi wa Matatizo ya Picha za Makaburi ya Zamani Dar es Salaam

Shangazi alinipeleka Kinondoni kunionyesha kaburi la babu yake, baada ya kuniahidi kwa miaka. Tulifika saa moja asubuhi, hewa ikiwa bado ya baridi, jua limelielekea jiwe usoni. Nikapiga picha kumi na mbili. Jioni nilipozifungua, zote zilionyesha jiwe jeupe, safi, lisilo na herufi hata moja, ilhali asubuhi ile ile mimi na shangazi tulikuwa tumelisoma jina kwa sauti, yeye akilifuatisha kwa kidole.

Nilidhani simu ndiyo mbovu, nikaazima kamera kubwa ya rafiki. Matokeo yakawa yale yale. Ilinichukua safari nne kuelewa kwamba kosa lilikuwa saa niliyokwenda. Tangu hapo nimepiga picha mawe mengi ya ukoo wetu na ya koo za marafiki, na matatizo yanayojirudia nimeyapanga hapa kwa dalili, yaani kwa kile unachokiona wewe, kisha chanzo chake na la kufanya.

Kwa macho linasomeka, kwenye picha ni tupu

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, na nitakaa nalo.

Herufi zilizochongwa hazina rangi yake. Tunachokisoma ni kivuli chembamba kinachojikusanya ndani ya kila mfereji uliochimbwa na patasi. Jua likilipiga jiwe moja kwa moja usoni, mifereji yote hujaa mwanga na kivuli hutoweka. Mtu aliyesimama pale bado anasoma kwa sababu kichwa chake kinasogea na vidole vinamsaidia. Kamera haina bahati hiyo.

Wapiga picha hupenda kushauri watu waende alfajiri au jioni, jua likiwa chini. Kwa bamba lililolala juu ya kaburi ushauri huo ni sahihi kabisa: saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni jua hutambaa juu ya bamba na kila mkwaruzo huonekana. Kwa jiwe lililosimama wima, saa hizo hizo zinaweza kukuharibia safari. Jiwe linalotazama mashariki linapigwa jua la uso asubuhi, kama lilivyonitokea mimi. Lisubiri. Kuanzia saa nne na nusu hadi saa sita kasorobo jua limeshapanda, sasa linateremka usoni pa jiwe kama maji yanavyoteremka ukutani, na maandishi yanachomoza. Linalotazama magharibi zamu yake ni baada ya jua kuvuka, tuseme saa saba hadi saa nane na nusu mchana. Ni saa za joto kali. Chukua maji ya kunywa na kofia.

Makaburi mengi ya Dar es Salaam yamelazwa mashariki na magharibi, ya Waislamu na ya Wakristo, kila upande kwa sababu yake. Kibla kwetu ni kaskazini karibu kabisa, kwa hiyo maiti anayelazwa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, kichwa chake huwa mashariki. Wakristo kwa desturi ya kale humlaza marehemu kichwa magharibi na miguu mashariki. Ndiyo maana nyuso nyingi za mawe hutazama mashariki au magharibi, ingawa utakuta pia yaliyofuata uelekeo wa njia au wa ukuta. Fungua dira ya simu kwenye safari ya kwanza, andika kila jiwe linatazama wapi, kisha panga safari ya pili kwa saa.

Mawe yanayotazama kusini yana tabu yake. Mji wetu uko kusini ya ikweta kwa nyuzi saba hivi. Jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena karibu na katikati ya Oktoba, na katika miezi iliyo kati ya hapo adhuhuri huwa liko kaskazini yetu. Jiwe linalotazama kusini basi hukaa kivulini kwa zaidi ya nusu mwaka. Liendee Desemba au Januari, saa sita mchana, ambapo jua huwa juu sana na upande wa kusini kidogo, na mwanga wake hupita juu ya herufi vizuri mno. Linalotazama kaskazini lipigwe Juni au Julai, saa kama hizo.

Kama huwezi kungoja, chukua kioo. Kioo cha kawaida cha kujitazamia, chenye urefu wa mkono au zaidi, kinatosha. Msaidizi wako asimame juani, mita mbili au tatu pembeni mwa jiwe, aelekeze mwanga upite kwa mshazari, karibu ugusane na uso wa jiwe. Jiwe lenyewe likiwa juani, likinge kwanza kwa mwavuli au shuka ili mwanga wa kioo ushinde. Mara ya kwanza nilipoona jambo hili nilinyamaza kabisa: jiwe nililoliita tupu lilijaa mistari sita kwa sekunde moja. Mwambie msaidizi asielekeze kioo kwenye macho ya watu wala barabarani.

Pasipo jua, tochi ya LED inafanya kazi hiyo hiyo chini ya mwavuli mweusi. Piga picha sita au nane bila kusogeza kamera, kila moja tochi ikiwa upande tofauti. Herufi ambayo haikuonekana mwanga ulipotoka kushoto mara nyingi huonekana ukitoka juu. Usifikirie kwenda usiku ili upate giza. Mtu mwenye tochi makaburini usiku, mtaani kwetu, atajieleza kwa watu wengi kabla ya kupiga picha hata moja, na wenyeji watakuwa na haki ya kumuuliza.

Kwenye simu yenyewe: gusa kioo cha simu penye herufi ili ilenge hapo, kisha teremsha mwangaza kidogo. Simu hupenda kung'arisha picha, na jiwe jeupe likishang'arishwa kupita kiasi hakuna programu itakayolirudisha. Ishike simu sambamba na uso wa jiwe, hata kama jiwe limeinama. Usivute picha karibu kwa vidole, sogea wewe.

Picha zote zina ukungu mweupe

Umetoka kwenye gari lenye kiyoyozi ukaingia kwenye joto la pwani. Lenzi imetoa jasho. Iache simu nje ya mfuko dakika kumi au kumi na tano, halafu uifute kwa kitambaa laini cha pamba. Kama ukungu uko sehemu moja tu ya picha, hilo ni jasho au mafuta ya kidole chako.

Jiwe linang'aa, na ninajiona ndani yake

Graniti nyeusi iliyosuguliwa na terazo ni vioo. Usisimame mbele yake katikati. Sogea hatua moja pembeni, kisha funika kile kinachoakisiwa. Kanga nyeusi au shuka la rangi nzito, likishikwa na mtu nyuma yako, huondoa anga na miti kwenye jiwe. Zima flashi. Kwa mawe ya aina hii kivuli ni kizuri kuliko jua, kwa hiyo siku ya mawingu uipokee.

Herufi zimezibwa na chokaa, rangi au ukungu

Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana hapa ndipo mawe yanapouawa na watu wenye nia njema.

Familia nyingi hupaka makaburi chokaa au rangi nyeupe. Ni heshima kwa marehemu, nami siwalaumu kamwe. Lakini tabaka la mwaka huu juu ya la mwaka jana huziba mifereji, na baada ya miaka ishirini jina linabaki kama bonde dogo chini ya ngozi nene. Chanzo cha pili ni uhai: ukungu wa kijani na mabaka ya kuvu hupenda upande wa jiwe uliojificha chini ya mwembe au mwarobaini, hasa baada ya masika.

Usikwangue. Usitumie brashi ya waya, msasa, kisu, jiki, siki, limau wala asidi ya kusafishia vyoo. Jiki huacha chumvi ndani ya jiwe, na chumvi hiyo ikikauka hupasua uso wake kutoka ndani. Siki, limau na asidi hula moja kwa moja marumaru, matumbawe na saruji, kwa sababu vyote vina chokaa ndani yake. Jiwe litapendeza kwa wiki mbili, kisha litaanza kumomonyoka, na jina ulilolitafuta ndilo la kwanza kuondoka.

Ziache pia zile mbinu za kupaka chaki, unga wa ngano au povu la kunyolea ili herufi zionekane. Chaki hubaki kwenye vitundu vya jiwe, unga hulisha kuvu na wadudu, na povu lina kemikali ambazo jiwe halikuziomba. Mwanga wa kioo hufanya kazi hiyo bila kugusa kitu.

Unachoweza kufanya, jiwe likiwa imara na familia imeridhia: ondoa majani na udongo kwa mkono, fagia kwa brashi laini kama ya kupakia rangi, kisha nyunyiza maji safi matupu. Kaa uangalie linavyokauka. Uso hukauka kwanza, na mifereji ya herufi hubaki na unyevu kwa muda mfupi, ikawa myeusi. Dakika hizo chache ndizo za kupiga. Jiwe linalotoa magamba au linalolia uwazi ukiligonga kidogo kwa kidole, usilimwagie hata tone.

Kwa chokaa nene, kioo kiwekwe kwa mshazari mkali zaidi, karibu mwanga uparaze. Bonde la nusu milimita bado hutoa kivuli.

Kuna jambo moja la kalenda. Wakatoliki wengi husafisha makaburi kuelekea tarehe 2 Novemba, Siku ya Kuwakumbuka Marehemu Wote. Kama jiwe unalolitaka liko katika makaburi yao, lipige picha Oktoba, kabla ya rangi mpya. Halafu urudi siku yenyewe bila haraka ya kupiga picha, kwa kuwa siku hiyo utawakuta wajukuu wa marehemu wamesimama pale pale, na watakuambia mambo ambayo hayakuchongwa.

Hakuna kitu kabisa, hata kwa kioo

Tazama kwanza jiwe limetengenezwa kwa nini. Saruji iliyoandikwa kwa rangi hupoteza rangi, lakini mara nyingine sehemu iliyokuwa chini ya rangi haikuchakaa kama jirani zake, na hubaki laini. Ilowanishe au imulike kwa mshazari, kisha ibadilishe picha kuwa nyeusi na nyeupe, ongeza tofauti ya giza na mwanga, jaribu pia kuigeuza rangi ili nyeupe iwe nyeusi. Programu za GIMP kwenye kompyuta na Snapseed kwenye simu hutumika bila malipo. Fanya hayo kwenye nakala. Picha ya asili ibaki kama ilivyotoka kwenye kamera.

Marumaru ya zamani wakati mwingine yalikuwa na herufi za madini ya risasi zilizopigiliwa. Herufi zikidondoka huacha vitundu. Tafuta herufi kama hiyo iliyobaki kwingine kwenye jiwe, linganisha mpangilio wa vitundu, na jina litajijenga polepole.

Misalaba ya mbao ikiliwa na mchwa haiachi kitu. Misalaba ya chuma huliwa na upepo wa chumvi, na maandishi yakiwa ya rangi juu ya kutu, bahati yako iko katika kupiga leo badala ya mwakani.

Herufi naziona, ila sizielewi

Mji huu umezika watu wa lugha nyingi. Kosa linalotokea zaidi ni kukisia mwaka.

Kwenye mawe ya Waislamu utakuta Kiarabu, na pia Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika barua zao. Maneno husomwa kutoka kulia, lakini tarakimu husomwa kutoka kushoto kama zetu. Mbili (٢) na tatu (٣) zinatofautiana kwa jino moja tu, na jino hilo ndilo huanza kumomonyoka. Tano (٥) hufanana na sifuri yetu, na sita (٦) hufanana na saba yetu. Sifuri yao (٠) ni nukta, na nukta kwenye jiwe la matumbawe lenye mashimo ni rahisi kuipoteza au kuibuni. Piga tarakimu peke yake, kwa karibu, mwanga kutoka pande mbili.

Ukiona هـ kando ya mwaka, huo ni wa Hijria, kalenda ya Kiislamu. م ni wa Miladia, kalenda yetu ya kila siku. Kupata makadirio, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622. Mwaka 1340 unatoa 1921.8, na kweli mwaka huo ulianza Septemba 1921 ukaisha Agosti 1922. Kama jiwe lina mwaka bila mwezi, andika miaka yote miwili. Usichague mmoja kwa sababu unalingana na hadithi ya nyumbani.

Mawe ya jamii za Kihindi, hasa ya Waislamu wenye asili ya Gujarat, yanaweza kuwa na herufi za Kigujarati. Tarakimu yao ya moja (૧) jicho letu huiona kama 9, na hapo ndipo watu wanapomwongezea marehemu miaka. Ukikuta mwaka wa Samvat, kalenda ya Kihindi, toa 56, au 57 kama kifo kilikuwa kati ya Diwali na mwisho wa Desemba.

Mawe ya Wajerumani, waliofanya mji huu makao makuu ya koloni lao mwaka 1891 na kuupoteza kwa Waingereza Septemba 1916, mengine yana herufi zile za zamani zenye pembe kali, ambamo s ya katikati ya neno hufanana na f. "Geb." au nyota ni kuzaliwa, "gest." au msalaba mdogo ni kufariki.

Na majina yetu? Yaandike kama yalivyochongwa. Muhamadi, Mohamed na Mohammed huenda ni mtu mmoja katika nyaraka tatu, lakini ukishamsahihisha kwenye daftari lako hutampata tena kwenye rejista ya msikiti, parokia au RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. "Bin" na "binti" usiziache. Katika ukoo usio na jina la familia, hizo ndizo ngazi zenyewe.

Mlinzi amenizuia

Mara nyingi chanzo ni kwamba hukuanza kwa salamu. Makaburi si uwanja wa maonyesho. Mimi hufika kwanza kwa mlinzi au kwa mzee anayesimamia, nampa shikamoo, namweleza ninamtafuta nani na ni nani kwangu, namwonyesha daftari. Makaburi ya msikiti au ya kanisa hutaka ruhusa ya uongozi wake, na barua ya serikali ya mtaa husaidia sana. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, picha hizi unazipeleka wapi?" Nilimjibu kwamba ni za shangazi, asiyeweza tena kutembea mpaka hapa. Alisimama akanishikia kioo saa nzima.

Ukiingia makaburi ya Waislamu toa salamu: Assalamu alaikum yaa ahlal-kubuur. Usikanyage kaburi wala kulikalia ili upate pembe nzuri. Msafara wa mazishi ukiingia, weka kamera mfukoni na usimame. Makaburi mapya usiyaweke hadharani mtandaoni. Wenye majonzi yake wako hai.

Nimefika, na kaburi halipo

Wakati mwingine jiwe limezama mchangani au limefunikwa na nyasi, na ukija mwisho wa kiangazi utaliona. Wakati mwingine kaburi limehamishwa. Sheria ya kuhamisha makaburi ipo tangu 1969, na barabara na majengo ya mji huu vimepita mahali palipokuwa na wafu. Kabla ya kukata tamaa, uliza serikali ya mtaa kama kulikuwa na uhamisho, na waliohamishwa walipelekwa wapi.

Mfano ulio wazi zaidi uko kwenye barabara ya Bagamoyo. Makaburi ya vita yaliyopo hapo yalianzishwa mwaka 1968, pale makaburi 660 ya Vita ya Kwanza ya Dunia yalipoondolewa kwenye makaburi ya Ocean Road kupisha barabara mpya. Miaka ya mwanzo ya 1970 yakaletwa mengine kama 1,000 kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania, kule ambako hakukuwa na uhakika wa kuyatunza. Kwa mtafiti wa ukoo maana yake ni nzito: jiwe kuwa Dar es Salaam si ushahidi kwamba mtu alifia au alizikwa kwanza Dar es Salaam. Ukilipiga picha, nenda pia kwenye kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, zinazopatikana mtandaoni, utafute alikotoka.

Na kuna wale ambao kuwatafuta kwa jiwe ni kujichosha bure. Makaburi ya Waafrika kule Ocean Road, ya Wakristo na ya wasio Wakristo, hayakuwa na alama ya mtu mmoja mmoja. Waliohamishwa walizikwa upya katika makaburi ya pamoja, kila moja likiwa na ukuta wa kumbukumbu. Wabeba mizigo wa vita ile, ambao kikosi chao kimetuachia jina la Kariakoo, walikufa kwa maelfu, wengi pasipo jina kuandikwa popote. Kama hadithi ya nyumbani inasema babu alikwenda na mizigo ya Waingereza asirudi, hukukosea njia. Piga picha ukuta wa kumbukumbu. Piga picha pia sanamu ya Askari pale Samora, iliyosimamishwa 1927, yenye maandishi kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu na kwa Kiingereza, ambayo inawataja wabeba mizigo pamoja na askari. Ziweke picha hizo kwenye ukurasa wake katika daftari la ukoo, kwa kuwa hilo ndilo jiwe lake lililopo.

Picha ni nzuri, lakini sijui ni ya kaburi gani

GPS ya simu, chini ya anga wazi, hukosea mita tano hivi, na chini ya miembe zaidi. Ndani ya mita tano Kinondoni wamelala watu wengi. Kwa hiyo kila kaburi lipige kwa mfuatano mmoja: kwanza picha ya mbali yenye kitu kisichohama, kama mti mkubwa, ukuta au lango, kisha kaburi zima pamoja na majirani zake wa kulia na kushoto, kisha maandishi, kisha mgongo wa jiwe na upande wa miguuni, maana mafundi wengine walichonga huko. Majirani ni muhimu kwa kuwa ndugu mara nyingi walizikwa pamoja, na mke aliyeolewa mara ya pili utamkuta kwa jina usilolitarajia.

Kabla hujaondoka, nakili maandishi kwa mkono daftarini, mstari kwa mstari, ukiweka nukta pasiposomeka. Mkono huona kitu ambacho picha ilikikosa, na unakuwa bado hapo kurudia.

Halafu usizitume picha hizo kwa WhatsApp kama picha. Hupunguzwa, na herufi ndogo ndizo hufa kwanza. Ndugu wa Muscat au Toronto atakuambia hasomi chochote, naye yuko sawa. Zitume kama dokumenti, na asili zake ziwe mahali pawili tofauti.

Mpeleke mzee wako akiweza, au mpelekee picha kubwa zilizochapwa, na uwashe kinasa sauti kabla hajaanza kuzitazama. Niliporudi na picha ya babu yake, shangazi hakutaja kitu kuhusu jiwe lenyewe. Alitazama nafasi iliyokuwa kushoto kwake, akataja majina mawili ya watoto wa kike waliozikwa pale wakiwa wachanga, ambao mimi sikuwahi kuwasikia. Nilirudi Kinondoni wiki iliyofuata. Wako kwenye daftari sasa, namba 41 na 42, picha mbili za mchanga mtupu na mizizi ya mwarobaini, na chini ya kila moja jina alilolisema.